Anzeni na maji: namna ya kutengeneza mtaa wa mjini utakaodumu

Kamati za mitaa zikiniita, karibu kila mara hunipeleka moja kwa moja mahali wanapotaka kupanda miti. Wana picha kwenye simu, wameshachagua rangi za viti, wengine wana hata jina la bustani. Nawasikiliza, kisha naomba nionyeshwe maji ya mvua yanapita wapi. Hapo kimya kinaingia, kwa sababu mara nyingi wanaojua ni wawili tu: anayekaa nyumba ya chini kabisa, na mzee anayekumbuka mfereji ulipokuwa kabla haujajengewa juu.

Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kusimamia mifereji na miti ya barabarani, kwa hiyo msishangae nikiutazama mtaa kwa jicho la mfereji. Lakini si mazoea tu. Maji hayasitiri aibu za mtaa. Yanaonyesha taka zinatupwa wapi, udongo umeshindiliwa wapi, nani amejenga juu ya njia ya wote, na manispaa iliishia wapi ilipochoka. Mkishayapangia maji njia, kivuli, usafi na njia ya waenda kwa miguu vinapata mahali pake bila kugombana.

Swali langu la pili huwa linawakera watu zaidi: nani atakitunza hicho mnachotaka kujenga, mwaka wa tatu? Mwaka wa kwanza kuna shauku. Wa pili kuna aibu ya kuacha. Wa tatu magugu yanaingia, aliyekuwa na ufunguo wa bomba amehama, na pipa la taka limegeuka stoo ya mtu. Msipokuwa na jibu la swali hilo, punguzeni mradi hadi mlipate.

Eneo liwe dogo

Msianze na mtaa mzima. Chukueni kichochoro kimoja, au upande mmoja wa barabara, nyumba 20 hadi 40.

Kipimo hicho kimeshajaribiwa mahali pagumu kuliko pengi. Katika makazi ya Orangi, mjini Karachi, Pakistan, Akhtar Hameed Khan alianzisha mwaka 1980 mradi uliowashughulikia watu kichochoro kwa kichochoro. Nyumba 20 hadi 40 zilichagua msimamizi wao, zikachanga fedha, zikajenga vyoo na bomba la majitaka la kichochoro chao wenyewe. Mradi uliwapa ramani, vipimo na mafunzo. Fedha za ujenzi walitoa wenyewe, na gharama ikawa sehemu ndogo tu ya ile ambayo makandarasi wa serikali wangetoza. Mabomba makubwa ya kupokea majitaka hayo yakabaki kazi ya serikali. Mgawanyo huo ndio ninaoupenda: kilicho mlangoni pako ni chako, kinachounganisha vichochoro ni cha mamlaka. Mtaa unaojaribu kubeba vyote viwili huchoka, na unaosubiri mamlaka ibebe vyote viwili huzeeka ukisubiri.

Katika nyumba 30 kila mtu anajua nani hajatoa mchango na kwa nini. Katika nyumba 600 hakuna anayejua, kwa hiyo hakuna anayejali. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaotumia kwa pamoja misitu, maji ya kumwagilia na maeneo ya uvuvi. Waliofanikiwa walikuwa na mipaka inayojulikana, kanuni walizojitungia, wakaguzi waliotoka miongoni mwao, na adhabu zinazoanza chini kisha kupanda. Sijaona kichochoro kilichodumu kikikosa mambo hayo. Hasa hilo la adhabu: mkianza na faini kubwa, hakuna atakayethubutu kumtoza jirani, na kanuni itakufa siku hiyohiyo. Anzeni na kumgongea mlango.

Andikeni ukurasa mmoja tu. Mpaka ni upi, kazi zipi, nani na nani, fedha zinakaa wapi. Ukurasa huo ubandikwe mahali watu wanapopita kila siku. Daftari la fedha lionekane na yeyote anayeliomba, bila kuulizwa anataka kuona nini. Katiba yenye vifungu 60 iacheni. Nimeshiriki kuandika za namna hiyo na sijawahi kukutana na mtu aliyezisoma.

Tokeni mvua inaponyesha

Ramani ya maji haichorwi ofisini. Mvua ikianza, tokeni watu watatu au wanne, wawe pande tofauti za eneo. Chukueni chokaa au rangi na mweke alama: maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi, yanavuka njia wapi, yanatokea wapi. Pigeni picha, na katika kila picha kionekane kitu cha kudumu, ukuta au nguzo, ili mwakani mweze kulinganisha. Rudini baada ya saa moja mvua ikikatika, kisha kesho yake. Dimbwi linaloisha kwa saa moja si tatizo. Linaloonekana kesho kutwa ndilo la kushughulikia, kwani katika joto mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10 hivi.

Kisha pigeni hesabu, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Milimita 1 ya mvua ikiangukia mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20 linatoa lita 2,000, tuseme 1,600 mkiondoa yanayorukia nje na kukaukia juu. Nyumba 30 za namna hiyo zinaangusha lita 48,000 kwenye kichochoro kwa mvua moja, hapo bado lami na ua zilizosakafiwa. Nikisema hesabu hiyo mbele ya mkutano, watu huacha kulaumu mfereji kuwa mdogo na kuanza kuulizana kuhusu mapaa yao.

Maji hayo yana mahali pane pa kwenda: kwenye tangi, ardhini, kwenye mfereji, au chumbani kwa jirani wa chini. Kazi yenu ni kuongeza viwili vya kwanza ili cha tatu kitoshe.

*Tangi.* Gata liwe na mteremko mdogo kuelekea kwenye bomba la kushukia, na maji ya kwanza yamwagwe kabla hayajaingia tangini, kwa kuwa ndiyo yanayobeba vumbi na vinyesi vya ndege. Kwa paa la mita za mraba 100, kumwaga lita 50 za mwanzo kunatosha kwa kawaida. Mdomo wa tangi uzibwe kwa wavu laini. Maji hayo ni ya kufua, kusafishia na kumwagilia. Kuyanywa kunataka usafishaji ambao ni somo jingine. Na jambo linalosahaulika: tangi lililojaa halisaidii mvua inayofuata. Yatumieni.

*Kibonde cha kunyonyea.* Ni shimo pana la kina kifupi ambamo maji ya mvua huingia na kuzama ardhini. Hiki ndicho ninachokipenda zaidi, na ndicho kinachoharibiwa zaidi kwa haraka. Kwanza pimeni udongo. Chimbeni shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijazeni maji, liacheni linywe. Lijazeni tena, simamisheni rula, soma baada ya saa moja. Yakishuka sentimita 2 au 3, mna udongo mzuri. Yakishuka chini ya sentimita 1, msilazimishe. Hapo wekeni tangi au mboresheni mfereji.

Kibonde kiwe na kina cha sentimita 15 hivi, sakafu iwe sawa pande zote. Wengi huchimba katikati kuwe chini zaidi, maji yanakusanyika mahali pamoja, panaziba, ndipo wanasema udongo wao haunywi. Tumieni mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule unaopitisha mwanga, kupata usawa. Kibonde cha mita za mraba 10 chenye kina hicho kinashika lita 1,500, karibu maji yote ya lile paa la hesabu yetu. Wekeni mawe mahali maji yanapoingilia ili yasichimbe, na tokeo la kuyapeleka mferejini yakizidi. Kikae angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba. Kisiwe karibu na kisima au shimo la choo, wala kwenye mteremko mkali. Mimea iwe ile inayostahimili kuzama siku moja na ukame wa wiki kadhaa. Tazameni kinachoota chenyewe kandokando ya mifereji ya kwenu, hicho kimeshafaulu mtihani.

Kazi ya mwaka wa tatu hapa ni kuondoa tope linalotanda juu. Safu ya tope la sentimita 2 inatosha kukifanya kibonde kiwe dimbwi. Chepe moja na asubuhi mbili kwa mwaka zinatosha. Asipopatikana wa kushika chepe hilo, msichimbe kibonde.

*Mfereji.* Usafishaji uanzie chini, kwenye tokeo, mkipanda kwenda juu. Mkianza juu mnasukuma taka zikazibe mahali pasipoonekana, hasa ndani ya kalvati. Na tope mnalolitoa liondoke siku hiyohiyo. Nimeona mitaa inayosafisha mifereji kila mwezi na bado inafurika, kwa sababu tope linaachwa ukingoni, linakauka, mvua ya kwanza inalirudisha. Kama hamna toroli na mahali pa kulipeleka, ahirisheni zoezi mpaka mpate. Mifuniko ya zege iwe ya kuinuliwa na watu wawili. Mfuniko unaohitaji mashine hautafunguliwa kamwe. Mahali mfereji wa wazi unapoingia kwenye bomba, wekeni nondo zilizolala kwa mshazari, si zilizosimama wima, ili taka zipande juu na maji yaendelee kupita chini.

Miji mikubwa nayo imefika kwenye hitimisho hili, ila kwa gharama. Tarehe 2 Julai 2011 Copenhagen ilipata mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa chache. Vyumba vya chini vilijaa na mabomba yakazidiwa. Mwaka uliofuata jiji lilipitisha mpango wa kushughulikia mvua za namna hiyo, na sehemu kubwa ya mpango huo haikuwa mabomba makubwa zaidi. Ilikuwa kuyaweka maji juu ya ardhi mahali yasipodhuru. Uwanja wa Tåsinge Plads, uliokuwa na lami nyingi, ulifunguliwa upya mwaka 2014 ukiwa bustani yenye vibonde vinavyopokea maji. Rotterdam ilifungua Benthemplein mwaka 2013, mahali vijana wanapocheza mpira siku za jua, na mvua ikija pale panashika takriban lita milioni 1.7. Ninyi hamna bajeti yao, lakini kanuni ni ileile: kila kipande cha ardhi kipewe kazi mbili.

Kivuli

Sasa miti, maana najua mlikuwa mnaisubiri.

Pandeni michache. Nasema hivyo nikijua sitapendwa. Miche 200 iliyopandwa kwa siku moja mbele ya wapiga picha ni miche 200 inayohitaji maji kesho. Mti wa barabarani unahitaji kumwagiliwa kwa miaka 2 au 3 ya kwanza mpaka mizizi ishuke. Kila mti uwe na nyumba yake, na nyumba iwe imekubali yenyewe, si kwa kupangiwa. Nyumba 12 zimekubali? Basi miti ni 12.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Mahali shina linapoanza kutanuka kuingia kwenye mizizi pabaki panaonekana juu ya udongo. Mti uliozikwa shingo huoza polepole na hufa miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka sababu. Matandazo ya majani au vipande vya mbao yawekwe unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Kigingi cha kushikilia kifunguliwe baada ya mwaka mmoja, la sivyo kamba itaingia kwenye gamba. Halafu angalieni juu na chini. Juu kuna nyaya? Chagueni mti mfupi. Chini kuna bomba? Sogeeni.

Msipande aina moja, hata kama kitalu kinawapa bure. Ugonjwa wa mielmu uliua mamilioni ya miti Ulaya na Amerika Kaskazini katika karne ya 20, na mitaa iliyokuwa imepandwa mti huo pekee ilibaki uchi. Mwaka 1990 Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, alipendekeza kwamba katika mji spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, isizidi asilimia 20, na familia moja isizidi asilimia 30. Kwenye kichochoro chenu hesabu hiyo haitakaa sawasawa, ila spishi nne au tano zinawezekana popote.

Kama mnataka lengo la muda mrefu, Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa misitu ya mijini, alitoa mwaka 2021 kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukikagua: kila mtu aone miti 3 kutoka nyumbani kwake, matawi yafunike asilimia 30 ya mtaa, na pasiwe na zaidi ya mita 300 hadi bustani iliyo karibu. Hiyo 3 ndiyo ya kwenu. 30 na 300 ni za kuidai mamlaka.

Mji ninaoutaja kila ninapozungumzia matunzo ni Medellín, Kolombia. Kuanzia mwaka 2016 walitengeneza njia 30 za kijani kando ya barabara na mifereji. Kinachosifiwa ni joto kupungua. Mimi nasifu kwamba wakazi wa maeneo ya kipato cha chini walifundishwa kazi ya bustani na kuajiriwa kuitunza. Jibu la swali la mwaka wa tatu lilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo.

Pasipo nafasi ya mti, pakeni paa rangi nyeupe au chokaa. Linarudisha miale ya jua badala ya kuimeza, na chumba cha chini yake kinapoa. Ahmedabad, India, baada ya wimbi la joto lililoua watu wengi mwezi Mei 2010, ilizindua mwaka 2013 mpango wa kukabiliana na joto kali, na baadaye ikaingiza upakaji wa mapaa ya nyumba duni. Chokaa hufifia, rudieni inapochakaa.

Taka: tengeni za kuoza kwanza

Nikishuka mferejini ninachokikuta ni plastiki, lakini kinachoharibu mpango wa taka ni mabaki ya jikoni. Yakichanganyika na karatasi na chupa, vyote vinanuka na hakuna anayetaka kuvigusa. Yakienda dampo yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto kiasi cha mara 28 ya uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Na ndiyo mengi: katika miji ya nchi za kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka ni za kuoza.

Kwa hiyo kila nyumba iwe na ndoo moja yenye mfuniko kwa taka za kuoza. Moja tu. Mkianza na mapipa manne ya rangi, baada ya muda yote yanabeba taka zilezile. Ndoo ikishazoeleka, mengine yanafuata.

Lundo la mboji la kichochoro liwe na ujazo wa mita 1 za pande zote au zaidi, kwa kuwa dogo halishiki joto. Kwa ndoo moja ya mabaki mabichi, ongezeni ndoo mbili au tatu za vitu vikavu: majani makavu, maranda, karatasi zilizochanwa. Shika konzi ukamue. Yakitoka matone machache, unyevu umekaa sawa. Katikati panapaswa kupanda hadi nyuzi 55 au 60 za selsiasi ndani ya siku chache. Geuzeni kila wiki. Likinuka, limezidi maji au ubichi: ongezeni vikavu, geuzeni. Lisipopata moto, ongezeni mabichi. Nyama, mifupa na mafuta yakae nje, panya hawahitaji mwaliko. Baada ya miezi 3 au 4 mna udongo mweusi, na hapo miti na vibonde vyenu vinapata chakula bila kununua mbolea.

Mwenye lundo awe mmoja na alipwe, hata kidogo. Kazi ya kugeuza taka kwa kujitolea inadumu mpaka mtu mmoja aanze kuhisi anafanya peke yake.

Kuhusu plastiki na chuma: tafuteni mnunuzi kabla ya kukusanya. Muulizeni anachukua aina gani, zikiwa zimeoshwa au la, kwa uzito gani wa chini, na kila baada ya siku ngapi. Mtaa unaokusanya kwanza na kutafuta soko baadaye umejitengenezea dampo dogo. Curitiba, Brazil, ilianza utenganishaji wa taka mwaka 1989, na mwaka 1991 ikaanzisha utaratibu ambao kilo 4 za taka za kurejelezwa zinabadilishwa kwa kilo 1 ya matunda na mboga. Kuna watu huuliza kama rushwa hiyo ni halali. Vichochoro ambavyo gari la taka halikuweza kuingia vikasafishwa na wakazi wake, sasa iiteni mnavyotaka.

Barabara yenu wenyewe

Gari la kilomita 50 kwa saa lina nguvu za mwendo karibu mara tatu ya lile la kilomita 30. Hoja nzima ya kupunguza mwendo mtaani iko hapo, na sitairefusha.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi wa Delft, Uholanzi, walianza kuigeuza mitaa yao iwe mahali ambapo dereva ni mgeni: njia inapinda, kuna miti, kuna viti, hakuna mpaka wa wazi kati ya gari na mtoto. Mwaka 1976 sheria ya nchi ikautambua mpangilio huo. Barcelona, Hispania, iliunganisha vitalu tisa vya majengo, vitatu kwa vitatu, na kuyazuia magari ya kupita tu yasikatize ndani. Mpangilio wa Poblenou, mtaa mmoja wa mji huo, ulianza mwaka 2016 kwa rangi, vyungu na vizuizi vya kuhamishika, na malalamiko yalikuwa mengi. Katika kitongoji cha Vauban, mjini Freiburg, Ujerumani, kilichojengwa kwenye kambi ya zamani ya jeshi, magari yanalazwa kwenye majengo ya maegesho pembeni na mitaa mingi ya makazi haina maegesho kabisa.

Cha kuchukua Barcelona ni kile cha kwanza: vitu vinavyohamishika. Msimwage zege. Wekeni vyungu vizito na rangi kwa miezi miwili, mkiwa na kibali, kisha mhamishe kinachokera. Acheni mita 3.5 wazi kwa gari la zimamoto na la wagonjwa, na mlijaribu kwa gari lenyewe, si kwa futi kamba. Wenye maduka watasema biashara itakufa. Msibishane nao, waombeni wahesabu wateja wiki moja kabla na wiki moja wakati wa majaribio, wahesabu wao wenyewe. Tuta la barabarani liwe chaguo la mwisho, na likijengwa liachiwe nafasi ya maji pembeni. Matuta mengi niliyoitwa kuyakagua yalikuwa mabwawa.

Taa, kwa ufupi

Taa za LED zinazoelekea chini, sehemu chache zilizochaguliwa: kona, ngazi, mahali watu wanaposubiri usafiri. Taa za sola zenye betri zinapendwa kwa kuwa hazina bili, ila betri inachoka baada ya miaka kadhaa na hapo bili inakuja yote kwa pamoja. Wekeni akiba ya betri tangu mwezi wa kwanza, au ziacheni.

Kalenda na barua

Kazi zote nilizotaja zinaingia kwenye kalenda ya ukurasa mmoja. Kabla ya msimu wa mvua: mfereji, nondo, magata, tope la vibonde. Baada ya msimu: picha mpya pale palipo na alama, na miti iliyoinama. Msimu wa kiangazi: kumwagilia, chokaa ya mapaa. Kila wiki: lundo la mboji. Mbele ya kila kazi andikeni majina mawili, si moja, kwa sababu mmoja atahama. Rwanda ina Umuganda, kazi ya pamoja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na nguvu yake kubwa ni kwamba hakuna anayehitaji kuitisha mkutano kuuliza tarehe. Chagueni siku yenu na msiihamishe.

Halafu kuna yale yasiyo ya kwenu: kalvati kuu, bomba kubwa la majitaka, gari la taka, nguzo za umeme. Hapo andikeni barua. Iwe na ombi moja, si saba. Ambatanisheni picha zenye tarehe, mchoro wa maji mlioupata siku ya mvua, na hesabu ya lita. Elezeni mlichokwisha kufanya upande wenu, ili mhandisi akija aone kwamba akisafisha kalvati halitajaa tena baada ya mwezi. Jina la ofisi mnayoiandikia liwe sahihi, kwa kuwa barua iliyopelekwa kwa idara isiyohusika haikataliwi, inalala tu. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nanyi. Baada ya siku 14 aende mtu na nakala hiyo mkononi, aulize barua iko kwa nani, aandike jina na cheo cha mtu huyo nyuma ya nakala, na aulize arudi lini. Siku aliyotajiwa, arudi.